Plagi mpya nayo hupimwa

Wenye magari wengi, na hata baadhi ya mafundi, huamini kuwa plagi, kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini, ikitoka kwenye boksi hufungwa moja kwa moja. Si kweli: kwanza hupimwa nafasi ambayo cheche huruka, kati ya ncha ya katikati na kikono cha pembeni. Plagi ya aina moja hutumika kwenye injini zenye vipimo tofauti, na ikianguka tu, kikono chake huweza kupinda.

Chukua Volkswagen Beetle ya zamani, yenye koili (inayokuza umeme wa cheche) na platini (swichi inayokata umeme wa koili): nafasi yake ni 0.7 mm. Ikizidi, cheche hudai umeme mkubwa kuliko uwezo wa koili na gari hukosa moto, hasa likipanda mlima. Ikiwa finyu, cheche huwa dhaifu na plagi hushika masizi.

Tumia fila geji, yaani mabamba membamba ya kupimia nafasi: bamba la 0.7 lipite likikwaruza kidogo, la 0.8 likatae. Kunja kikono cha pembeni pekee. Ukiegemeza bisibisi kwenye ncha ya katikati, kauri inayoizunguka huweza kupasuka, na ufa huo mara nyingi hauonekani kabisa.

Funga plagi injini ikiwa imepoa, ukianza kwa vidole, maana nyuzi za skrubu kwenye tundu la alumini la injini huliwa haraka. Pete mpya ya chuma ya plagi (washa) ikishagusa injini, ongeza nusu mzunguko kwa spana.