Ukitaka chai kali, ongeza majani, usiongeze dakika

Chai ikiwa nyepesi, wengi huacha majani yakae zaidi ndani ya buli. Hapo ndipo inapoharibika. Harufu na kafeini hutoka mapema. Tanini hutoka taratibu, tena haziachi kutoka, na ndizo zinazoleta ukakasi ulimini. Basi dawa ya chai nyepesi ni majani mengi zaidi.

Anza na gramu 2 hadi 2.5 kwa mililita 200 za maji. Pima kwa mizani ukiweza, maana kijiko hudanganya: kijiko cha majani yaliyokatwa laini huwa kizito kuliko kijiko cha majani makubwa yaliyosokotwa, yanayoacha nafasi tupu katikati.

Chai nyeusi inataka maji yaliyotoka kutokota, nyuzi 95 hadi 100 za sentigredi, kwa dakika 3 hadi 4. Majani laini huiva mapema, kwa hiyo yaonje kuanzia dakika ya 2. Suuza buli kwa maji ya moto kwanza. Buli baridi lenye kuta nene hupoza maji kabla jani halijafunguka.

Chai ya kijani ni habari nyingine. Maji yanayotokota huikamua uchungu papo hapo. Nyuzi 70 hadi 80, dakika 2, basi. Huna kipimajoto? Changanya vipimo vitatu vya maji yanayotokota na kimoja cha maji ya kawaida, utakaribia nyuzi 80. Changanya kabla ya kugusa majani.

Vile vichujio vidogo vya duara vinavyoning'inia kwa mnyororo sivipendi. Jani likilowa huvimba mno, na likibanwa maji hayapiti katikati. Tumia kichujio kipana kinachofika karibu na kitako cha kikombe, au yaache majani yaelee kisha chuja. Muda ukiisha, chuja buli lote, hata kama unakunywa kikombe kimoja tu, la sivyo cha pili kitakuwa shubiri. Usiyakamue majani.

Ukiona utando wa kahawia juu ya chai, usilaumu majani: maji yako yana chokaa nyingi. Tumia yaliyochujwa kupunguza chokaa, au tia matone machache ya ndimu. Utando hautajitokeza, ingawa ladha na rangi vitabadilika.