Ofisa kasaini, benki imekana: mkopo wa baina ya mabenki ni deni la nani?

Jalada la mgogoro wa namna hii likifika mezani kwangu, kitu cha kwanza ninachotafuta ni namba ya akaunti. Barua ya makubaliano itasubiri. Mawakili wenzangu hunitania kwa hilo, maana sisi tumefundwa kuanzia kwenye mkataba. Lakini kabla ya uwakili nilipitia idara ya hazina ya benki, ile inayosimamia fedha taslimu na ukopaji wa benki yenyewe, na najua kwamba saini inaweza kubishaniwa miaka na miaka, ilhali fedha zimeingia mahali fulani, siku fulani, saa fulani, na zimeacha alama.

Nieleze kwanza mkopo wenyewe. Kila siku ya kazi hapa Dar kuna benki inayofika alasiri ikiwa na ziada kwenye akaunti yake Benki Kuu, na nyingine imepungukiwa. Mwenye ziada humkopesha aliyepungukiwa, kwa usiku mmoja, kwa siku saba, pengine zaidi, na mara nyingi bila dhamana. Ofisa wa hazina wa huku anampigia wa kule, wanakubaliana kiasi, riba na muda. Kisha watu wengine kabisa, wale wa uthibitisho na malipo, wanatumiana ujumbe wa SWIFT, mtandao wa kimataifa wa mabenki kupashana habari za malipo, na fedha zinapita TISS, mfumo wa Benki Kuu wa malipo kati ya mabenki ulioanza mwaka 2004. Malipo ya TISS yakishakamilika hayavutwi kurudi. Riba nayo si siri: tangu Januari 2024 Benki Kuu inaongoza sera yake kwa riba, na shabaha yake ni riba ya mikopo ya siku saba ya soko hili.

Sasa chukua shilingi bilioni 5 kwa siku saba, riba asilimia 6 kwa mwaka. Mkopeshaji anapata takriban milioni 5.75, basi. Kwa ajili ya fedha hizo ameachia bilioni tano kwa neno la mtu aliye upande wa pili wa simu. Ndiyo maana zisiporudi, watu waliokuwa wakiitana "kaka" asubuhi wanaandikiana kupitia mawakili jioni.

Utetezi wa benki inayodaiwa karibu kila mara ni uleule: ofisa yule hakuwa na mamlaka. Ukomo wa kiasi alichoruhusiwa kukopa ulikuwa bilioni 2, juu ya hapo ilihitajika saini ya mkuu wa hazina, na mkuu wa hazina hajaona karatasi yoyote. Tuchukulie ni kweli. Bado haitoshi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, imetokana na ile ya India ya mwaka 1872, na zote mbili zinambana aliyemtuma wakala (hapa benki, na wakala ni ofisa wake) pale ambapo yeye mwenyewe, kwa maneno au kwa mwenendo, amewafanya watu wa nje waamini kwamba wakala ana mamlaka. Kinachopimwa ni mwenendo wa benki. Ilimweka kwenye kiti kile? Ililipa mikopo mingine mikubwa aliyoipanga bila kunung'unika? Ilipeleka kwa mabenki mengine orodha ya watia saini yenye jina lake, ikasahau kuandika ukomo?

Ofisa mwenyewe hawezi kujipa mamlaka kwa mdomo wake. Baraza la Mabwana la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya huko, lilisema hili mwaka 1986 katika shauri la Armagas dhidi ya Mundogas, lililohusu meli na meneja aliyekuwa amehongwa: mtu ambaye upande wa pili unajua hana mamlaka ya jambo fulani hawezi kulihalalisha kwa kudai tu kwamba wakubwa wamekubali. Lakini mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ya hukohuko, katika shauri la First Energy dhidi ya Hungarian International Bank, ilimkuta meneja wa tawi aliyekuwa amemwambia mteja waziwazi kwamba hana uwezo wa kuidhinisha mkopo. Baadaye akaandika barua iliyoonyesha kuwa makao makuu yameidhinisha, na benki ikafungwa nayo. Hoja ilikuwa kwamba cheo chake kilimpa mamlaka ya kupeleka habari ya uamuzi, hata kama hakikumpa ya kuamua. Sisi hukumu hizi hazitufungi, zinashawishi tu, kwa kuwa sheria ya Uingereza tuliyoipokea inaishia 22 Julai 1920. Ila sijaona shauri la aina hii ambalo wakili wa mkopeshaji hakuibeba ya 1993 na wa mkopaji hakuibeba ya 1986. Binafsi ya 1986 naiona imara zaidi kati ya benki na benki. Mteja wa kawaida hajui kamati za mikopo zinavyofanya kazi. Benki inajua, kwa sababu inazo. Ikiona ofisa wa ngazi ya kati anakopa bilioni tano saa kumi jioni Ijumaa, na uthibitisho unatoka kwenye baruapepe yake mwenyewe, inapaswa kuuliza.

Hayo yote, hata hivyo, yana uzito tofauti kulingana na ile namba ya akaunti.

Kama fedha ziliingia kwenye akaunti ya benki inayodaiwa pale Benki Kuu, ubishi wa mamlaka unapungua nguvu sana. Benki imepokea, imezitumia kufunga hesabu zake za siku, kisha inasema haikukopa? Hata mkataba ukifa, sheria haimwachii mtu faida aliyoipata kwa kitu ambacho mwenzake hakukitoa bure. Kinachobaki kupiganiwa ni riba, adhabu ya kuchelewa na tarehe. Nimeona kurasa nyingi za hoja kuhusu saini zikiandikwa katika mashauri ambayo kiasi kilichokopwa kilikuwa lazima kirudi tu.

Zikiwa zimepelekwa kwingine, kwa mfano akaunti ya mteja au dalali ambayo ofisa aliitaja "kwa niaba ya benki", hapo mamlaka ndiyo kesi nzima. Mfano mkubwa ni wa India, kashfa ya biashara ya hatifungani ya mwaka 1992. National Housing Bank ilikuwa imeandika hundi za takriban rupia bilioni 5 kwa jina la ANZ Grindlays, na Grindlays ikaziingiza kwenye akaunti ya dalali Harshad Mehta. National Housing Bank ikaiambia Grindlays: nimekulipa wewe. Grindlays ikajibu kwamba hiyo ndiyo desturi ya soko, hundi ya benki kwenda kwa dalali kupitia jina la benki. Wasuluhishi waliipa Grindlays ushindi mwaka 1997, mahakama maalumu ikaupindua mwaka 1998, na mwaka 2002 wakagawana kwa maelewano nje ya mahakama. Miaka kumi hivi, na jibu la mwisho la kisheria halikupatikana. Mtu akinitajia desturi ya soko, namwonyesha shauri hilo, halafu namuuliza nani aliidhinisha desturi hiyo kwa maandishi.

Kuna mtego mwingine, wa kuridhia, yaani benki kukubali baadaye kile ambacho ofisa alifanya bila mamlaka. Mkopo ukiiva, ofisa anaomba usogezwe siku saba nyingine, na riba ya awali inalipwa. Mkopeshaji atasema: mmelipa riba, mmekubali. Hoja nzuri, ila kuridhia bila kujua mambo ya msingi si kuridhia, na anachokijua ofisa mhalifu peke yake hakihesabiki kuwa benki imekijua. Ndipo ninapowatafuta watu wa kusawazisha hesabu. Kama mtu mwingine wa benki ile aliona mkopo kwenye taarifa ya akaunti akauwekea tiki, utetezi umetoboka.

Ofisa mwenyewe anaweza kushitakiwa kwa kudai mamlaka asiyokuwa nayo, lakini bilioni tano hana. Bima ya uaminifu wa wafanyakazi, inayofidia benki hasara ya udanganyifu wao, husaidia pale tu benki ilipofuata taratibu zake yenyewe. TAKUKURU na polisi wana njia yao.

Na hapo ndipo wakopeshaji wengi wanapojiumiza: wanasubiri kesi ya jinai iishe. Madai ya mkataba yana miaka sita ya kufunguliwa mahakamani, kwa kawaida kuanzia siku mkopo ulipopaswa kulipwa, na shitaka la jinai dhidi ya ofisa halisimamishi saa hiyo. Udanganyifu uliofichwa unaweza kuchelewesha kuanza kwake, na kukiri deni kwa maandishi kunaweza kuianzisha upya. Kwa hiyo barua ya kwanza ninayomshauri mkopeshaji aiandike, hata kabla ya kutaja mahakama, inaomba kitu kimoja: benki ya upande wa pili ithibitishe kwa saini za wakurugenzi wake salio la mkopo huo kwenye vitabu vyake.