Je, Wakatoliki wanamwabudu Maria?

Pale Malindi, karibu na bahari, kuna kanisa dogo la Wareno lililoezekwa makuti. Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, alipita mji huu mwaka 1542 akielekea India; mwaka 1622 Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu. Ukimtaja barazani, hukosi wa kudakia: "Hao si ndio wanaoabudu watu na sanamu?"

Hapana. Mtaguso wa pili wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, ulishatenganisha mambo haya mawili: ibada ni ya Mungu peke yake, heshima hupewa watakatifu. Sikiliza sala ya Salamu Maria yenyewe. Neno lake ni "utuombee". Anayeombwa akuombee si Mungu, ni kama kumwambia bibi yako, "Niombee, nina mtihani kesho." Nakubali, anayemwona mtu amepiga magoti mbele ya sanamu ana haki ya kuuliza.

Uzushi wa pili husemwa na Wakatoliki: kwamba Waprotestanti wanamdharau Maria. Martin Luther, aliyeanzisha mageuzi ya Kiprotestanti, mwaka 1521 aliandika ufafanuzi mzima wa wimbo wa Maria ulio katika Luka 1, akimwita Mama wa Mungu. Na Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri, linaruhusu watakatifu wakumbukwe ili tuige imani yao. Linachokataa ni kuwaomba msaada, kwa kuwa mpatanishi ni Kristo pekee.

Ugomvi wenyewe, basi, ni huu: je, aliyekufa anaweza kuombwa atuombee? Hapo kweli hawajapatana.