Kodi ya kaboni ya Ulaya: bidhaa zipi, na nani analipa

Tangu Januari maswali ya wauzaji nje yamezidi, na mengi ni lile lile: je, parachichi, maua na kahawa vitatozwa kodi ya kaboni vikifika Ulaya? Havitatozwa. Utaratibu wa Umoja wa Ulaya (CBAM), unaotoza hewa ukaa iliyotolewa bidhaa ikitengenezwa, ulioanza rasmi tarehe 1 Januari 2026 unahusu saruji, chuma, alumini, mbolea, umeme na hidrojeni. Bolti na nati zimo kwenye chuma. Parachichi halimo, na tunaomba uvumi huo ukome kwenye magrupu ya wakulima.

Anayelipa ni mwagizaji aliyeko Ulaya. Yeye ndiye anayeomba idhini, kununua vyeti, kimoja kwa kila tani ya hewa ukaa (mauzo yanaanza Februari 2027), na kuwasilisha tamko la bidhaa za 2026 kabla ya kupita 30 Septemba 2027. Vyeti visipotosha, faini ni euro 100 kwa kila tani ya hewa ukaa iliyobaki, na kulipa faini hakumwondolei deni la vyeti. Akiingiza mzigo bila idhini, faini inaweza kufika mara tatu hadi tano ya hiyo. Anayeagiza tani zisizozidi 50 kwa mwaka amesamehewa, isipokuwa kwa umeme na hidrojeni. Izingatiwe kuwa zinajumlishwa tani zake kutoka kwa wauzaji wote, si zako tu.

Wengi wakifika hapa hufunga faili, wakidhani muuzaji hahusiki. Anahusika. Mwagizaji asipopata takwimu za kiwanda chako, zilizothibitishwa na mkaguzi mwenye ithibati, atatumia makadirio rasmi, ambayo yamepandishwa makusudi. Tofauti hiyo utaiona kwenye bei atakayokupa.

Wenye viwanda vya nondo hujibu kwamba wanatumia umeme wa jotoardhi. Ni vizuri, lakini kwa chuma na alumini hewa ukaa ya umeme ulionunuliwa haihesabiwi. Inayohesabiwa ni ya tanuri lako, pamoja na ya chuma ghafi ulichoagiza. Kwa hiyo mdai takwimu aliyekuuzia. Kwa saruji na mbolea umeme unahesabiwa, ila kwenye saruji mzigo mkubwa ni klinka, yaani mawe ya chokaa yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji: mawe hayo yenyewe yakichomwa hutoa hewa ukaa, hata ukibadilisha kuni au makaa. Anayepunguza klinka kwa kuchanganya pozolana (kama majivu ya volkano) anapunguza hesabu yake kweli.

Kodi ya kaboni iliyokwisha kulipwa katika nchi kiwanda kilipo hupunguzwa kwenye vyeti anavyodaiwa mwagizaji. Afrika Kusini inaitoza tangu 1 Juni 2019, hivyo wazalishaji wake wana cha kuonyesha. Uthibitisho wa malipo lazima uwe wa maandishi. Maelezo ya mdomo hayapokelewi.