Maana ya neno "funga": uliza kinafunguliwaje

Shangazi yangu aliambiwa kliniki, "Keshokutwa uje umefunga, tutakupima sukari." Akaitikia. Siku ilipofika aliamka saa kumi usiku, akala daku: wali wa jana, maharage na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Akanuia swaumu, na saa mbili asubuhi akaingia kliniki akiwa amefunga kweli. Kipimo kikasoma juu mno. Muuguzi alishtuka, na mpaka alipouliza, "Mama, mara ya mwisho umekula saa ngapi?" ndipo jambo likajulikana. Shangazi naye akauliza kwa mshangao, "Si umeniambia nifunge?"

Wote wawili walikuwa sahihi. Muuguzi alitaka saa nane au zaidi bila chakula, maji matupu tu yakiruhusiwa. Shangazi alilisikia neno kama alivyolizoea tangu utotoni, na mfungo anaoujua yeye una daku kabla ya alfajiri. Kilichowapoteza ni neno lenyewe, kwa sababu "funga" ni miongoni mwa vitenzi vyenye kazi nyingi mno katika Kiswahili. Kamusi hukupa orodha ndefu ya maana zake. Mimi naona kuna njia inayosaidia zaidi ya orodha: jiulize kilichofungwa kinaondolewaje. Jibu la swali hilo hukuonyesha ni "funga" ipi uliyonayo mkononi.

Tuanze na kamba, maana huko ndiko neno linakoshika mizizi. Mbuzi hufungwa kwenye mti, kuni hufungwa mzigo, mtoto hufungwa mgongoni kwa kanga. Hapa kinyume chake ni kufungua, kwa kanuni ileile inayotupa kunja na kunjua, ziba na zibua, tega na tegua. Mlango nao umo humuhumu, ila wenye lugha wana hatua tatu. Kushindika mlango ni kuurudisha tu bila kuubana. Kuufunga ni kuubana. Kuukomea ni kutia komeo. Bibi akisema jioni, "Shindika tu, wenzio hawajarudi," anajua anachosema, na mjukuu atakayetia komeo atawalaza watu nje. Nalipenda pia jina la kile chuma tunachotia kwenye kitasa. Kinafunga na kinafungua, lakini tumekiita ufunguo, kwa ile kazi ya pili.

Macho yana neno lake. Mtu hufumba macho na kuyafumbua kwa kope zake mwenyewe. Ukisikia "alifungwa macho", jua kuna kitambaa na kuna mtu mwingine aliyekifunga.

Turudi kwenye swaumu, kwani hapo neno limezaa mengi. Aliyefunga hufungua magharibi, na mfungo wenyewe umewapa watu wa pwani kalenda nzima. Mwezi unaofuata Ramadhani, ambao Waarabu wanauita Shawwal, kwa Kiswahili ni Mfunguo Mosi. Hesabu inaendelea hivyo: Hija na Idi kubwa huwa Mfunguo Tatu, Maulidi huangukia Mfunguo Sita, mpaka Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani, na Ramadhani tena. Miezi tisa ya mwaka inahesabiwa kuanzia siku watu walipofungua. Na chai na mandazi ya asubuhi, hata kwa asiyefunga kabisa, tunaviita kifungua kinywa, kana kwamba usiku nao ulikuwa mfungo mdogo. Wakristo nao hufunga, na wengi wao hunywa maji. Kwa hiyo mtu akikuambia "nimefunga", bado hujajua kama unaweza kumkaribisha glasi ya maji mpaka umuulize.

Kisha jela. Kifungo ni kile kilichoko kwenye shati, na kifungo ni miaka 30 aliyohukumiwa mtu. Cha shati kinafunguliwa. Cha mahakama kinatumikiwa, hupunguzwa, au hufutwa kwa rufaa au msamaha. Ajabu ni kwamba safari ya kufungwa huanza kwa kufungua: anayekushitaki anakufungulia kesi. Halafu herufi moja tu hubadilisha hukumu. Mchezaji aliyefungiwa mechi tatu yuko nyumbani anakula chakula chake. Mchezaji aliyefungwa miezi mitatu yuko gerezani. Gazeti hufungiwa, leseni hufungiwa, lakini jela mtu hufungwa. Nimewahi kusoma habari iliyochanganya maneno haya mawili, na naamini familia ya mhusika haikulala vizuri siku ile.

Kwa mafundi neno limegeuka karibu kuwa kinyume chake. Kufunga umeme ni kuuleta ndani ya nyumba. Kufunga feni, mita, king'amuzi au tangi la maji ni kukiweka kitu mahali pake kikaanza kufanya kazi. Asiyezoea akisikia "wamekuja kufunga umeme" anaweza kukimbilia kutafuta mshumaa. Jaribu swali letu: mita inaondolewaje? Inang'olewa. Umeme wenyewe unakatwa. Ila kwa bomba inabidi uwe mwangalifu, sababu "fundi amefunga bomba" inaweza kuwa habari njema ya maji kuingia uani, au habari ya maji kuzimwa. Gereji nako, kufungua injini ni kuichambua kipande kwa kipande, na kuifunga ni kuirudishia. Fundi akikuambia "nimeshafungua, sijafunga", usipeleke hela ya mafuta bado.

Uwanjani mambo ni mepesi kueleza na mazito kuyabeba. Kumfunga mtu ni kumshinda. Mwaka 1977 Yanga walifungwa na Simba 6-0, na Novemba 2023 Simba wakafungwa na Yanga 5-1, na hakuna lugha ya Kiswahili inayoweza kuyafungua mabao hayo. Bao hurudishwa au husawazishwa. Anayelitia kwenye lango la kwake amejifunga, neno hilohilo analotumia mwanamke anayejifunga kanga kiunoni kabla ya kuingia ngomani. Na akiifunga kwa nguvu ile, kiunoni, ikakaza, ni kibwebwe; ndipo tukapata kufunga kibwebwe kwa maana ya kulivaa jambo kwa juhudi zote.

Mkanda nao una historia. Baada ya vita vya Kagera vilivyoisha mwaka 1979, Mwalimu Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18. Kila aliyesikia alielewa: tumbo litapungua, mkanda utaingia tundu la ndani zaidi. Mkanda wa namna hiyo haufunguliwi, hulegezwa, na waliouvaa wanakumbuka kwamba miezi ilipita 18 ukiwa bado umebana.

Safari hufungwa kwa sababu mizigo hufungwa. Asiyetoka tena anaiahirisha. Ndoa hufungwa na wawili, hufungishwa na shehe, kadhi, padri au mchungaji, na ikishindikana huvunjwa. Watu wengi hudhani fungate, zile siku saba za maharusi kukaa ndani, limetoka kwenye kufunga ndoa au kufungiwa chumbani. Linafanana tu. Ni neno la saba, la kale kuliko hilo "saba" tulilolichukua kwa Waarabu, na jirani zetu Wagiriama mpaka leo wakihesabu, baada ya sita husema fungahe.

Pana sehemu moja ambapo naona Kiswahili kilichagua picha nzuri sana. Mwaka 1961 viongozi walipokutana Belgrade kuanzisha umoja wa mataifa yaliyokataa kuingia kambi ya Marekani au ya Urusi, Wazungu waliwaita kwa neno linalohusu kupanga mstari. Sisi tukasema Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote. Kufungamana ni zaidi ya kufungwa: ni kamba mbili zilizosokotwa pamoja hata hujui ipi ya nani, na ukitaka kutoka lazima umvute na mwenzio. Kwa nchi changa zilizokuwa zimetoka kukata kamba ya mkoloni, hilo lilikuwa neno lenye uzito wake.

Nimeiacha mwisho ile inayonigusa kuliko zote, na inarudi kliniki. Kufunga kidonda ni kukizungushia bandeji. Bandeji itafunguliwa kesho. Choo kikifunga, kuna matunda, maji na dawa ya kukilainisha. Lakini kufunga kizazi ni upasuaji: mirija inafungwa au kukatwa, kwa mwanamke au kwa mwanaume, na mtu anatakiwa aingie akijua ni moja kwa moja. Kuirudisha mirija ni kazi ngumu isiyo na uhakika. Kuna wanaosikia "funga" wakafikiri ni kama mlango, utafunguliwa mume akirudi kutoka safari au mtoto huyu akikua. Anayetaka kupumzika miaka miwili mitatu kisha azae tena aseme wazi kwamba anataka kupanga uzazi, na aulizie vidonge, sindano, kijiti au kitanzi. Hivyo vikiachwa au vikitolewa, uwezo wa kuzaa hurudi, ingawa kwa sindano husubiriwa miezi kadhaa.