Je, wajua? Usemi huu wa Aristotle si wa Aristotle

"Sisi ni yale tunayoyatenda kila mara. Kwa hiyo ubora si tendo, bali ni mazoea." Maneno haya hubandikwa kwenye kuta za jimu, kwenye kalenda na kwenye hotuba za mahafali, na chini yake jina moja: Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Kwetu yanaingia haraka, maana nasi husema mazoea hujenga tabia. Lakini hata uvisome vitabu vyake vyote, sentensi hiyo huipati.

Mwenye maneno ni Will Durant, mwandishi wa Marekani. Aliyaandika mwaka 1926 katika The Story of Philosophy, kitabu kilichowafungulia wasomaji wa kawaida mlango wa falsafa na kikauzwa sana. Aristotle alikuwa amefariki zaidi ya miaka 2,200 kabla ya hapo.

Sasa yalihamaje? Itazame aya yenyewe. Durant anaeleza mafundisho ya Aristotle kuhusu maadili, na ndani ya alama za kunukuu anaweka maneno ya Aristotle: fadhila hujengeka ndani ya mtu kwa kutenda matendo ya fadhila hizo. Alama zinafungwa. Hapo Durant anaongeza kauli yake mwenyewe, ile ya mazoea. Kisha alama zinafunguka tena na Aristotle anarudi, akisema kwamba mbayuwayu mmoja haleti majira ya kuchipua, wala siku moja haimpi mtu heri. Sentensi ya Durant imebanwa kati ya nukuu mbili za kweli. Ukinakili bila kuziangalia alama zile, unambebesha Aristotle maneno yasiyo yake.

Durant hakumdanganya mtu, na muhtasari wake ni wa haki. Katika kitabu cha pili, yaani sehemu ya pili, cha Maadili ya Nikomako, andiko lake kuhusu maadili, Aristotle anasema mtu huwa mwashi kwa kujenga na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Vivyo hivyo huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu. Ila kitabu hichohicho, sura ya nne, kinadai zaidi ya mazoea: mtendaji ajue anachokitenda, akichague kwa ajili ya tendo lenyewe, na akitende kwa tabia thabiti isiyoyumba. Hapa usemi wa ukutani unampunja sana Aristotle. Tena anawakemea wanaodhani watakuwa wema kwa kujadili falsafa tu. Anasema wanafanana na wagonjwa wanaomsikiliza tabibu kwa makini, kisha hawafuati hata agizo moja.