Dawa ya kupuliza puani: damu, koo kuwasha, na onyo kwa wanaotumia ARV

Mtu anayepuliza flutikasoni, dawa ya steroidi ya puani, kwa ajili ya aleji akiona damu kwenye leso, hudhani dawa ni kali mno kwake. Mara nyingi kosa liko kwenye mkono. Ukuta unaotenganisha matundu ya pua una vishipa vya damu vilivyo juujuu sana, hasa sehemu ya mbele. Ukiulenga huo kila siku hukauka, huchubuka, kisha hutoa damu.

Badilisha mikono: wa kulia upulizie tundu la kushoto, wa kushoto tundu la kulia. Hapo ncha ya chupa huelekea nje, upande wa jicho. Penga kwanza, tikisa chupa, inamisha kichwa mbele kidogo, kisha bonyeza huku ukivuta pumzi taratibu. Ukivuta kwa nguvu dawa hupitiliza hadi kooni, ndiyo maana koo linawasha na mdomo unabaki na ladha mbaya. Ncha ikiziba, ioshe kwa maji ya vuguvugu. Usiitoboe kwa pini, maana kitundu kikipanuka dozi nayo inabadilika.

Mtu mzima kwa kawaida huanza na mipulizo 2 kila tundu, mara 1 kwa siku, na kila mpulizo una maikrogramu 50. Nafuu kamili inaweza kuchukua hadi wiki 2, kwa hiyo kuongeza mipulizo siku ya tatu ni kujiongezea madhara tu.

Damu ikitoka, kaa, inamia mbele, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia ili kuchungulia. Ikiwa inajirudia, pua inapiga mluzi ukipumua, au macho yameanza kuona ukungu, nenda kwa daktari. Mtoto anayeitumia kwa muda mrefu apimwe urefu kliniki, kwani dawa hii inaweza kupunguza kasi ya kukua.

Dawa za kuzibua pua, kama oksimetazolini, ni kundi jingine kabisa. Hizo usizidishe siku 3, la sivyo pua huziba upya kila dawa inapoisha nguvu, nawe unazidi kupuliza.

Jambo ninalosisitiza kuliko yote ni hili: kama unatumia ARV zenye ritonaviri, kwa mfano atazanaviri/ritonaviri ya mstari wa pili (ile anayohamishiwa mtu dawa za kwanza zikishindwa), mwambie mfamasia kabla hajakupa flutikasoni. Ritonaviri huzuia ini kuivunja flutikasoni, hivyo hiyo flutikasoni hurundikana mwilini hata kama unapuliza puani tu. Uso huvimba na kuwa wa mviringo, sukari na presha hupanda, na tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake. Bekilometasoni, steroidi nyingine ya puani, ni salama zaidi hapo, na ARV ya dolutegraviri haina mgongano huu. Kama tayari umetumia flutikasoni na ritonaviri pamoja kwa wiki kadhaa, usiache flutikasoni ghafla. Onana na daktari kwanza, kwa sababu tezi hizo huhitaji muda kurudi kazini.